Sio keshi, ni kashi! Kwa wote mnaozunguka porini mnarudi mikono mitupu

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi wenzangu, Tanga, Dar, Mombasa, hadi nyie wa Bukavu mnaoniangalia usiku wa manane bando likishuka bei, ni mimi tena. Niko Kent, jimbo la Washington, chini kidogo ya Seattle, na kama mnavyoona mvua ndo hiyo, sio ile yetu ya kumwagika dakika ishirini jua likatoka, haya ni manyunyu, yanakaa kutwa nzima hayakulowanishi ukaeleweka wala hayakuachi mkavu. Nimetoka kazini saa moja asubuhi, usiku nalea wazee, sijalala, macho mekundu msinicheke. Nikasema kabla sijajitupa kitandani nipite hapa pembeni ya mto, njia ya watembea kwa miguu ya Green River, nifanye hii video maana nimeahidi.

Nimemuahidi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Arusha. Kashusha apu ya jiokashingi, ule mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa, katoka mara tatu, hajapata hata kimoja, juzi kanitumia voisi ya WhatsApp ana hasira kweli, "kaka huu mchezo wenu wa wazungu ni uongo". Sio uongo bwana. Na mi nilianza hivohivo, mara nne za kwanza nilirudi nyumbani na miiba tu.

Kwa wageni wa chaneli nieleze haraka. Mtu kaficha kikopo mahali, ndani kaweka kikaratasi, kachukua koodineti za GPS, zile namba za kuonyesha mahali penyewe, akazipandisha mtandaoni, we unaenda kutafuta, ukikipata unaandika jina na tarehe kwenye karatasi, unarudisha palepale ulipokitoa. Basi. Mchezo unaitwa jiokashingi na hicho kikopo ndo kashi. Kashi, sio keshi! Maana siku nimepata ya kwanza nilimpigia mama nina furaha, nikamwambia mama nimepata kashi huku porini, nikasikia kimya, alafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anasikiliza, "shilingi ngapi?" Nikamwelezea. Akasema yaani nauli ya ndege tumechangishana ukoo mzima ukaokote makopo. Mpaka leo nikipiga simu anauliza, muokota makopo hujambo?

Na mchezo wenyewe umeanzia jirani hapa, Oregon. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inaivuruga GPS ya raia makusudi, kifaa chako kinakukosesha hata mita mia. Mwanzoni mwa Mei 2000 rais wao wa wakati huo, Clinton, akaagiza waache, na tarehe 3 Mei jamaa mmoja anaitwa Dave Ulmer akaenda msituni kule Beavercreek, karibu na Portland, akaacha ndoo nyeusi, ndani kaweka vitabu, manati, na kopo la maharage, kanuni yake chukua kitu acha kitu. Nimefika pale, masaa matatu hivi kwa gari toka hapa, kuna kibao cha kumbukumbu, nikapiga selfi kama mtalii. Ila sikilizeni nilichoona mimi: ilikuwa ndoo. Ya kwanza kabisa duniani ilikuwa NDOO. Siku hizi kuna mtu anaficha kitu kidogo kuliko kifundo cha kidole, kina sumaku, kapaka rangi ya kutu, alafu we ndo umeanza leo unaenda kutafuta hicho.

Hilo ndo kosa la kwanza la dogo. Kafungua ramani, kaona nukta iliyo karibu na kwao, kaifuata. Hapana. Kabla hujatoka nyumbani soma. Kila kashi ina namba mbili, moja ya ugumu wa kuiona moja ya ugumu wa njia, zinaanzia 1 mpaka 5 na nusu zake, we mgeni kaa kwenye 1 na 1.5. Alafu angalia saizi. Ile wanaoita maikro usidanganyike na jina ukadhani ni rahisi, maikro ni kama vile vikopo vya filamu za kamera za zamani, au kitu kinaning'inia kwenye tawi ukubwa wa kidole, ndani ya msitu ni kutafuta sindano. Chagua saizi inayofika kwenye kopo la Blue Band kwenda juu. Alafu, na hii wengi hawafanyi, shuka chini usome waliokutangulia. Kama kuna mtu kaipata wiki iliyopita, twende. Dogo nimeingia nimeangalia ile ya kwake, mtu wa mwisho kuiona ni miaka miwili nyuma, baada yake wamefuatana watano wote wameandika hawakuiona. Dogo, ulikuwa unatafuta marehemu. Hapo hata mimi nisingepata.

Haya tuje kwenye mshale, ule wa kwenye apu unaokuonyesha kashi iko upande gani. Hapa ndo watu wanateseka jamani. Unafuata simu inasema mita thelathini, ishirini, kumi, nne, moyo unadunda, unafika sifuri unasimama unaangalia chini ya viatu vyako hakuna kitu, unasogea simu inasema mita tisa nyuma, unarudi inasema saba kulia, unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa huku unaitukana simu. Simu haina kosa. Hebu tupige hesabu, koodineti zinaandikwa kwa digrii na dakika, sio dakika za saa, ni vipande vya digrii, alafu nukta na tarakimu tatu mbele yake, ile tarakimu ya mwisho kabisa peke yake ni karibu mita mbili kwenda kaskazini. Hapo bado simu yako ina makosa yake, chini ya miti mikubwa kama hii ya huku au katikati ya maghorofa inaweza kukosea mita kumi na zaidi, na aliyeficha naye siku ile simu yake ilikuwa na makosa yake. Makosa yake ukijumlisha na yako, sifuri ya kwenye simu ni mtaa tu, sio mlango. Kwa hiyo mi ninavyofanya, nikibakiza mita kumi hivi nasimama, nahesabu mpaka thelathini mshale utulie, naangalia unaelekea wapi, nakariri, labda ule mti wenye kovu. Alafu nazunguka nakuja kwa upande mwingine kabisa, nafanya tena. Pale mistari miwili inapokatana ndo naanza kutafuta. Na nikianza kutafuta simu inaingia mfukoni. Mfukoni kabisa! Ukiwa unaangalia simu huwezi kuona kitu, mi kashi yangu ya kwanza niliipita karibu kabisa naangalia simu nikaenda zangu, nimerudi baada ya robo saa.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa maana ni hapa hapa, mbele kidogo, ile kona yenye benchi. Nilikuwa nimeshakata tamaa nimekaa, nakula maandazi ya kujipikia mwenyewe, naangalia tu vichaka bila kutafuta chochote. Nikaona vijiti. Kwenye shina la mti uliokatwa kuna vijiti kama vinane vimelala, vyote vinaelekea upande mmoja, vyote urefu sawasawa, kama kuni alizopanga mama jikoni. Sasa nikajiuliza, upepo gani huu unapanga kuni? Nikaenda, nikatoa vijiti, nyuma yake ukoga wa kijani umekaa kama kitambaa, nikaufunua, kuna boksi la plastiki lile la kubebea chakula, limezungushiwa utepe wa rangi za kijeshi. Ndani kuna gari dogo la kuchezea halina tairi moja, senti ya Kanada, na daftari dogo limeloa pembeni linanuka kama kabati la bibi. Mikono ilikuwa inatetemeka nawaambia ukweli. Mtu mzima, baba wa mtoto mmoja.

Toka siku hiyo sitafuti kikopo, natafuta kitu ambacho hakijajipanga chenyewe. Jiwe ambalo chini yake ni kavu wakati mengine yote yameloa. Majani yaliyolundikwa. Bolti kwenye daraja la watu ambayo haina kutu wakati wenzake wana kutu, au ina kutu kuliko wenzake. Kijumba cha ndege ambacho hakina tundu la ndege kuingia. Nyie mmecheza kombolela, si ndio? Ulikuwa unajificha wapi? Hukujificha katikati ya uwanja, na hukwenda mbali mpaka kijiji cha pili pia maana unataka kuwahi kurudi kukomboa. Huyu aliyeficha ni hivohivo, alikuwa amesimama ulipo, ana kikopo mkononi, anaogopa watu wanapita, aliangalia huku na huku akaona mahali panapofaa akainama. We simama pale ujiulize, kikopo changu ningekitia wapi mkono ufike bila kulala chini kwenye tope? Nusu ya muda jibu ni sehemu ya kwanza macho yako yalipokwenda ukapadharau.

Na mjini huku kuna sehemu moja ambayo hujawahi kuiwazia. Nguzo za taa kwenye parkingi za maduka. Chini ya nguzo kuna lile bati kama sketi linafunika bolti za msingi, kumbe halijafungwa, unalinyanyua juu, na pale kuna kikopo. Siku niliyoambiwa hiyo sikuamini. Mi bahati yangu nilikwenda saa tatu usiku, nimetoka zamu, mtu mweusi, peke yangu, nimepiga magoti chini ya taa nanyanyua sketi ya nguzo. Fikiria mwenyewe. Mlinzi kaja na tochi, ananiuliza unafanya nini bwana, na Kiingereza changu kikaondoka chote. Nikamuonyesha simu, nikanyanyua bati taratibu, nikatoa kile kiboksi cha sumaku cha kufichia funguo, nikafungua karatasi. Akaishika akasoma majina akasema yaani miaka yote nazunguka hapa. Iliisha vizuri lakini ingeweza kuisha vibaya, kwa hiyo watoto wetu mlioko huku, mchana, mwanga upo, na ukiulizwa sema ukweli usikimbie. Kuna jamaa anavaa kizibao cha chungwa kama fundi wa umeme anasema hakuna anayemuuliza kitu, sijajaribu.

Nyumbani ni zaidi. Dogo sikia, Arusha, Nairobi, Zanzibar zipo, chache lakini zipo, ila mtu anapapasa papasa karibu na kambi, ofisi ya serikali, daraja, anafungua kiboksi cha ajabu, watakuitia watu. Hata kama nukta iko hapo achana nayo. Na kama ni uwanja wa mtu piga hodi kwanza.

Alafu hinti, yaani kidokezo. Kila kashi karibu ina hinti, kwenye tovuti imeandikwa kwa mafumbo, A imekuwa N, B imekuwa O, kwenye apu ukigusa inafunguka. Watu wanaona aibu kufungua sijui kwanini. Fungua! Hinti ni kitendawili, mwenzio kakwambia kitendawili we sema tega. Ikisema "sumaku" usichimbe chini, tafuta chuma. Ikisema "usawa wa macho" acha kuinama. Na ukishindwa kabisa unaandika DNF, yaani nimetafuta sikuiona, na hapo ndo naona wageni wengi wanaondoka kimya kimya kama hawakufika. Kwetu kitendawili kikikushinda unafanya nini? Unatoa mji. Mwenye kashi akiona watu watatu wamempa mji ndo anajua aende kuangalia kama kikopo chake bado kipo. Ukinyamaza ndo mnaletea wengine marehemu.

Bebeni kalamu. Msije mkafanya kama mimi nimeipata sina kalamu nimeandika kwa tope. Kibano cha nyusi pia, karatasi zile ndogo hazitoki kwa vidole hivi vya kusonga ugali.

Haya sasa, nimewaambia mengi, nimesimama kwenye kashi mpya imewekwa mwezi huu, saizi ndogo, ugumu 2, simu inasema mita tano, ngoja nizime nitafute niwaonyeshe.

...

Nimerudi. Dakika arobaini. Nimeangalia chini ya benchi, kwenye vyuma vya uzio vyote nimegonga kimoja kimoja, mama mmoja na mbwa wake wamepita mara mbili nimejifanya nafunga kamba za viatu, mara ya pili kaniangalia miguu, nimevaa kroksi. Hinti inasema "sio ya kwanza". Sio ya kwanza nini? Nguzo? Nimeangalia ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Mkono huu mnaona, miiba. Simu ina asilimia nne na zamu yangu inanisubiri usiku. Haya bwana, naandika hapa mnaona, DNF, nimempa mji. Nampa Tanga yote, kuanzia stesheni mpaka Raskazone, akale na samaki wangu.