Upepo Ulikuwa Unatoka Wapi?

Walimu wenzangu, wazazi, shikamooni. Mlionisikia nikilisema hili mwaka jana mnivumilie. Nitalirudia mpaka watoto wasomewe hadithi bila kukimbizwa kwenye maswali.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, shule moja ya pwani hapa hapa Dar es Salaam. Nikawasimulia fisi aliyesikia harufu ya nyama njia panda, akapeleka mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka msamba. Nikauliza lile swali letu la kila siku: hadithi hii inatufundisha nini? Darasa zima: "Tamaa mbaya!" Nikageukia ubao niandike. Mtoto mmoja, baba yake mvuvi, akanyosha kidole: "Mwalimu, upepo ulikuwa unatoka wapi?" Nikamwambia akae chini, asitucheleweshe.

Jamani! Mtoto yule kwao wanaishi kwa pepo za kusi na kaskazi. Anajua harufu huletwa na upepo, na fisi angeelekea unakotoka upepo angeiona nyama. Alikuwa bado amesimama njia panda anamtafutia fisi njia ya kupona, sisi wengine tumeshamzika na kufunga madaftari. Kama hiyo siyo fasihi, basi niambieni fasihi ni nini.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikaisimulia upya. Kipindi kizima walibishana. Huyu anasema mwenye njaa hana muda wa kupima upepo, yule anasema harufu ilitoka pande zote mbili. Msichana mmoja akauliza nyama yenyewe ilikuwa ya nani. Na humo walikuwemo watoto ambao kusoma sentensi moja kuliwatoa jasho.

Mtaniambia mtihani wa darasa la nne unakuja. Sawa, na ufahamu unaopimwa humo ni upi? Aliyezoea kudadisi habari hababaiki akiletewa asiyowahi kuiona. Mtasema vitabu havitoshi. Ni kweli, na inauma, tuvidai. Lakini fisi wangu sikumtoa kitabuni, nilipewa na bibi yangu kwa paukwa pakawa.

Nilitaka nigusie pia ngonjera, na mashairi yanayokaririshwa bila kuimbwa, naona muda umeniishia. Wazazi, basi: Jumamosi moja mpelekeni mtoto Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi. Ipo tangu 1967, na watoto wana sehemu yao. Mwacheni achague kitabu mwenyewe, hata kikiwa cha picha tupu. Akimaliza msimwulize kimemfundisha nini. Mwambieni awasimulie.