Kifundo Kilichoteguka Zamani na Bado Kinauma

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja ainame ashike kifundo cha mguu wake. Upande wa nje kuna mfupa uliojitokeza. Huo ni mwisho wa fibula, mfupa mwembamba ulio sambamba na muundi. Telezesha kidole mbele yake, chini kidogo, mpaka kwenye kishimo. Hapo pana ligamenti, yaani ukanda mgumu unaounganisha fibula na talasi, mfupa wa kifundo ulio chini ya muundi, nayo ndiyo huchanika kwanza unyayo unapogeukia ndani. Sasa rudisha kidole nyuma ya mfupa, uupeleke unyayo nje. Umehisi kitu kinakaza? Hizo ni tendoni mbili za peronea, yaani kamba zinazounganisha misuli ya pembeni mwa muundi na mifupa ya unyayo. Zinazunguka nyuma ya mfupa kama kamba ya jahazi kwenye kapi. Moja inaishia upande wa kidole kidogo, nyingine inapita chini ya unyayo.

Nimewashikisha makusudi. Mgonjwa akiniambia mguu unamuuma tangu mwaka jana, kwanza namwomba anionyeshe kwa kidole kimoja. Akigusa mbele ya mfupa, nafikiria ligamenti iliyolegea. Akigusa nyuma, na panavimba akitembea sana, nafikiria tendoni. Akisema maumivu yako ndani, hayashikiki, nawaza gegedu la talasi, ule utando laini unaofunika mfupa kwenye kiungo, ambalo eksirei ya kawaida mara nyingi hailionyeshi likiumia. Ganzi, au moto unaoshuka mpaka vidoleni, huwa ni neva.

Ila kwa wengi chanzo ni mteguko wa zamani, na hapa ndipo ninaposikitika. Mtu anateguka uwanjani au kwenye ngazi, anachuliwa kwa nguvu siku hiyohiyo, anafungwa bendeji, na uvimbe ukishuka anaambiwa amepona. Hajapona! Ligamenti ndizo zinazoupa ubongo habari za jinsi mguu ulivyokaa. Zikichanika, habari hufika pungufu, na misuli ya pembeni mwa muundi nayo imeshadhoofika kwa kupumzishwa. Akikanyaga kijiwe, misuli inachelewa kuudaka mguu, anateguka tena. Tafiti zinataja kwamba hadi watu 40 katika kila 100 wanaoteguka hubaki na shida ya muda mrefu.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye mguu wa meza, ingiza unyayo, usukume nje polepole, kisha urudishe polepole zaidi. Msiharakishe kurudi, maana kule kurudi ndiko kunakoijenga tendoni. Jioni, simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, ukuta ukiwa karibu. Ukizoea, fumba macho. Baadaye simama juu ya mto. Maumivu madogo yanayotulia kufikia asubuhi si ya kuogopa; yakiamka nawe yamezidi, punguza mzigo, usiache. Na mjipe miezi mitatu, si wiki mbili.

Dawa ya maumivu kama diklofenaki inatuliza, haijengi. Sindano ya steroidi nawasihi msiikimbilie, kwa sababu ikiingia kwenye tendoni inaweza kuidhoofisha hata ikakatika.

Jambo moja kwa wanaoteguka leo: ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma unapobonyezwa kwa nyuma, nenda ukapigwe eksirei. Kipimo hicho kilitungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na mpaka sasa hospitali nyingi duniani zinakitumia. Mivunjiko midogo iliyopitwa siku ya kwanza nayo huja kuitwa maumivu sugu.

Upasuaji upo, kwa yule aliyefanya mazoezi vizuri miezi mitatu hadi sita na mguu bado unamponyoka. Njia inayotumika zaidi ilielezwa na Lennart Broström wa Sweden mwaka 1966: ligamenti ya mgonjwa mwenyewe inakazwa na kushonwa. Jueni tu kwamba baada ya kisu, mazoezi ni yaleyale.

Wenye vifundo vinavyouma wavue viatu, wapite mbele tuone wanavyosimama kwa mguu mmoja.