Uzi Ukifungamana Chini, Anza Kutafuta Juu

Mafundi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya uzi kukwama kwenye cherehani za kiwandani, hizi za sindano moja na nyuzi mbili. Mfano wangu utakuwa Juki DDL-8700, kwa sababu wengi mnaijua, na mashine nyingi za majina mengine zimejengwa kwa mpangilio uleule.

Fundi anakanyaga, mashine inanguruma kisha inagoma. Anafunua kitambaa na kukuta rundo la uzi upande wa chini. Mkono unakwenda wapi kwanza? Kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Anatoa kasha lake, anashika bisibisi, anaanza kukaza ile skrubu ndogo. Nawaomba sana, acheni tabia hiyo. Tieni uzi mweusi juu na mweupe chini, halafu tazameni rundo lina rangi gani. Mara nyingi ni jeusi. Uzi uliojaa chini ni wa juu, umeshuka ukakosa wa kuurudisha.

Hapa nitakaa kidogo, maana anayeelewa hili hasumbuliwi tena na kubahatisha. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi wake unabinuka upande na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ndoano, kile chuma kinacholizunguka kasha la bobini, inakidaka kitanzi hicho, inakipanua na kukizungusha kwenye kasha lote la bobini. Wakati huo chini ya kitambaa kuna uzi mwingi kuliko mshono mmoja unavyohitaji. Anayeuvuta kurudi juu ni ule mkono wenye tundu unaopanda na kushuka mbele ya kichwa cha mashine. Kwa kila mshono ndoano inazunguka mara mbili: mara ya kwanza inadaka, mara ya pili inapita bure ili mkono upate nafasi ya kuvuta. Ndoano ya kuzunguka ni kazi ya Mmarekani Allen B. Wilson, aliyepata hataza yake mwaka 1851, na mpaka leo tunakula kwa akili ile.

Sasa DDL-8700 inafika mishono 5,500 kwa dakika. Maana yake ndoano inazunguka mara 11,000 kwa dakika hiyohiyo. Uzi ukichelewa kurudi juu mara moja tu, ndoano inaurudia, inausokota, na kabla hujaondoa mguu kwenye pedali rundo limeshajaa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nini kimezuia uzi wa juu kuvutwa? Huenda umeruka lile tundu la mkono wakati wa kutunga. Huenda ulitunga huku mguu wa mashine, ule unaokandamiza kitambaa, umeshuka, na visahani vya tensheni vinavyoukaza uzi wa juu vikiwa vimebana, na uzi ukakaa pembeni badala ya kuingia katikati. Inueni mguu ndipo mtunge, visahani vinaachia. Kisha shusheni mguu na kuvuta uzi kwa vidole: lazima msikie unakaza. Msiposikia, ndani kuna vumbi au kipande cha uzi wa jana. Pitisheni ukingo wa kitambaa safi katikati ya visahani mpaka kitoke.

Mwanzo wa mshono nao una lake. Zungusheni gurudumu kuelekea kwenu mpaka ule mkono ufike juu kabisa, lazeni ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, na mzishike kwa mishono ya kwanza. Msimu wa sare za shule watu wana haraka, hatua hii inarukwa, na shati zima linafumuliwa kwa ajili ya nusu sekunde.

Sindano. Wale mliotoka kwenye cherehani za nyumbani, sikilizeni vizuri. Sindano ya nyumbani ina shina lenye upande bapa, haikubali kukaa vibaya. Hii ya kiwandani, aina ya DB×1, shina lake ni la duara, inakubali upande wowote utakaoiweka. Mfereji mrefu ukae kushoto, unapoingizia uzi. Ule mbonyeo mfupi juu ya tundu uwe kulia, inakopita ndoano. Isukumeni mpaka igote juu ndipo mkaze. Ikipinda pembe kidogo tu, kitanzi kinatokea mahali ndoano haipo. Na kwa kaki nzito msitumie sindano nyembamba ya namba 11. Nendeni 16 au 18.

Bobini ina makosa yake, sikatai. Msiijaze mpaka ukingoni, na kasha likiingia lazima lilie "ta".

Ikishakwama, zimeni umeme kwanza. Mota ya klachi, ile inayozunguka muda wote hata usiposhona, inaendelea kuzunguka baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo ondoeni mguu kwenye pedali na msubiri mpaka itulie kabisa. Hapo ndipo vidole viende karibu. Msivute kitambaa kwa nguvu! Mnapinda sindano, na sindano iliyopinda inakwenda kuichuna ncha ya ndoano. Kateni nyuzi kati ya kitambaa na bamba la chuma lililo chini ya sindano, toeni kasha, zungusheni gurudumu mbele na nyuma taratibu, mkitoa vipande kwa kibano. Pigeni brashi, kisha tone la mafuta meupe ya mashine. Mafuta ya kula yanaganda humo, msithubutu.

Mkimaliza, pitisheni ukucha kwenye ncha ya ndoano. Ukucha ukikwaruza, pana mchubuko, na uzi utakatika hapo kila siku. Mchubuko mdogo unasuguliwa kwa msasa laini kabisa. Mkubwa, badilisheni ndoano.

Nimeulizwa na dada hapo mbele: lini aite mekanika? Ita pale ambapo umetunga upya, umebadili sindano, umesafisha, na bado mashine inaruka mishono. Kukwama kwa nguvu kunaweza kuisogeza ndoano kwenye ekseli yake. Nafasi kati ya sindano na ncha ya ndoano kwenye mashine hii ni milimita 0.04 hadi 0.1, jicho tupu halipimi hivyo. Mekanika akifika, mwambie kilichotokea na ulichokwisha kufanya, mpe na ile sindano ya zamani aitazame. Na kama kuna aliyekwishagusa skrubu, mwambie ni ipi, asije akaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Haya, mashine mbili ziko wazi pale mezani. Moja tumeitunga vibaya makusudi. Sogeeni.