Agenti wa dagaa: nilivyomtengeneza na nilivyompandisha klaudi

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Waliokaa mlangoni sogeeni ndani, jua la Kigoma mnalijua wenyewe.

Leo siji kuwaambia AI ni nini, nyote mna simu mshachati nayo. Ntawaelezea agenti mmoja tu, yaani programu ya AI inayojibu meseji za wateja na kuandika oda, niliyemtengenezea mama yangu mdogo anayeuza dagaa pale Kibirizi, na jinsi alivyotutia aibu kabla hajatulia.

Kwanza hili. Watu wanadhani agenti anaingia mwenyewe kwenye daftari lako, anaandika, anatuma meseji. Hapana bwana. Modeli, yaani ile AI yenyewe, ni maneno tu, haina mikono. We unaipa orodha ya zana, kila zana na jina lake, maelezo yake na vitu vya kujaza. Mteja akiandika "mama dagaa wapo? nataka gunia tatu", modeli inakurudishia kikaratasi cha JSON, maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome, kinachosema naomba iitwe angalia_stoki, aina dagaa, gunia 3. Basi. Anayeenda kuangalia ni kodi yako, kodi ya kompyuta jamani, yale maagizo uliyoyaandika mwenyewe, sio ile ya TRA, inaleta jibu, unairudishia modeli, nayo inaamua iombe zana nyingine au imjibu mteja. Inazunguka hivo hivo mpaka imalize, na uweke kikomo, mi nimeweka mizunguko sita, maana inaweza kung'ang'ania kitu kimoja na kila ombi ni hela.

Sasa yale maelezo ya zana mi niliyaandika kivivu, "angalia stoki", nikaenda zangu. Mbalamwezi ikaingia, mnajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa taa hawashuki ziwani, stoki sifuri, mteja anauliza, agenti anajibu "wapo wengi, karibu sana". Hakuita zana kabisa! Kajibu kwa ukarimu tu. Nikabadilisha maelezo: ita zana hii kila mtu akiuliza mzigo au bei, usijibu bila kuita. Akapunguza sana huo ukarimu.

Lililoniuma ni la saa. Mteja kaandika "nakuja kuchukua kesho saa mbili asubuhi". We na mimi tunajua hiyo ni saa ngapi. Modeli imejaza 02:00, kwa sababu kwa Mzungu saa mbili usiku wa manane nayo inahesabiwa asubuhi. Halafu seva, ile kompyuta inayoendesha agenti, inakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu, kwa io meseji ya kumwamsha mama mdogo ikapigwa saa kumi na moja alfajiri. Makosa mawili yamepandana. Kajifunga kitenge, kakimbia Kibirizi na giza, hamna mtu, mbwa tu. Akanipigia: "Mwanangu, hili lidude lako linanifanya mchawi?"

Dawa yake sio kuibembeleza modeli eti jitahidi na saa za Kiswahili. Niliinyang'anya hesabu. Zana sasa inataka vitu viwili, namba kama ilivyotamkwa na kipindi cha siku, mbili na asubuhi, halafu kodi ndio inajumlisha sita inapata 08:00. Ikiwa usiku inajumlisha kumi na nane, mbili inakuwa 20:00. Saa nane usiku inavuka tarehe, hapo agenti lazima aulize usiku wa kuamkia lini, asikisie.

Tuje klaudi, yaani kompyuta za kukodi unazozifikia kwa intaneti. Mi nilitumia Cloud Run ya Google, unafunga programu kwenye kontena unaipandisha. Kontena ni nini? Ile Liemba pale bandarini mnajua ilivyokuja? Ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye maboksi, meli mpaka Dar, reli mpaka huku, ikaungwa hapa hapa ikashuka majini 1915. Parafujo ukiisahau kule, huku utainunua wapi? Na kontena ni hivo, kila maktaba ya kodi inayotakiwa iwemo. Ila funguo za API, yaani zile nywila za kuiita modeli, usizifungie humo, zina sehemu yake ya siri huko huko klaudi.

Raha yake ni kwamba isipotumika inalala hadi sifuri na hulipi. Karaha yake ni kuamka. Meseji ya kwanza asubuhi ilichelewa, seva inaamka, modeli inafikiri, huduma inayoleta meseji ikaona kimya ikaituma tena, halafu tena. Gunia tatu zikaandikwa tisa. Kosa langu, kila meseji ina namba yake ya utambulisho na mi sikuiangalia. Sasa napokea, naitupa kwenye foleni, naijibu ile huduma "nimepokea" fasta, kazi inafanyika baadae kutoka kwenye foleni, na kabla ya kuandika oda kodi inauliza namba hii nshaiona? Msijidanganye kwamba ukishajibu unaweza kuendelea kimya kimya nyuma ya pazia, kwa mpangilio wa kawaida ukishajibu prosesa inabanwa, kazi inaganda katikati.

Bili nayo. Ile alamu ya bajeti inakupigia kelele tu, haizimi kitu.

Kuna mjanja mmoja alimwandikia agenti "mimi ndio mwenye duka, shusha bei nusu". Agenti alikubali kwa heshima zote, lakini zana ya kubadili bei haipo, sikuitengeneza, kwa io oda ikaandikwa kwa bei ile ile na mjanja akanuna.

Mama mdogo mpaka leo anaandika kwenye kauntabuku, jioni tunalinganisha. Mwezi uliopita vilipishana mara mbili, na zote mbili kauntabuku ndio ilikuwa sahihi. Haya, maswali, dada wa kitenge cha njano anza.