Usukani wa upepo: jinsi ya kuufunga na kuuacha ushike kana, Shelisheli mpaka Mombasa

Karibuni tena mabaharia wenzangu, leo tuko huku tezi, yaani nyuma ya boti, na nataka tuushughulikie huu usukani wa upepo, kifaa kinachoshika kana (mkono wa usukani) badala yako, mpaka ukuelee, maana watu wengi wanaufunga, boti inayumba huku na huku, wanasema kifaa kibovu, wanawasha otopailoti ya umeme alafu katikati ya bahari betri zinalala. Hiki cha upepo hakili umeme hata kidogo, na upepo ukizidi ndo kinazidi kuwa na nguvu.

Mfano wetu ni safari ya Mahé kuja Mombasa msimu wa kusi, maili za bahari kama 950, unaelekea magharibi na upepo unakuja nyuma kushoto.

Sogeza kamera hapa. Hiki kibao cha plaiwudi juu ndo kinasikia upepo, na chini yake kuna uzito wa kukisimamisha wima. Boti ikitoka njiani upepo unakipiga ubavuni kinalala, kikilala kinasukuma hii fimbo, fimbo inazungusha kidogo tu hili kasia lililo majini, na maji yanayopita yanalitupa kasia pembeni, kasia nalo linavuta hizi kamba mbili zinazokwenda kwenye kana. Kwahiyo kibao kinatoa amri tu, nguvu yote ni ya maji. Mtindo huu wa kasia la pembeni ni wa Mwingereza Blondie Hasler, yule wa mashindano ya 1960 ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja boti moja. Na msidhani ni mambo ya zamani: Golden Globe, mashindano ya kuzunguka dunia peke yako, ile iliyoanza 2022 otopailoti za umeme zilikatazwa, na aliyeshinda ni dada yetu wa Afrika Kusini, Kirsten Neuschäfer, kazunguka dunia peke yake na usukani wa upepo nyuma.

Haya tuanze. Kwanza kabisa usiguse kifaa, anza na matanga. Weka boti kwenye njia yako, legeza mkono kwenye kana uone inafanya nini. Ikikimbilia kugeukia upepo basi tanga kuu limezidi, lipunguze au legeza demani, ile kamba inayolivuta tanga, usione aibu kupunguza mapema. Hapa ndo wengi wanakosea jamani, wanataka kifaa kipigane na matanga usiku kucha, hakiwezi, boti lazima iwe karibu kwenda yenyewe kabla hujaifungia chochote.

Ikishatulia, shusha kasia majini ulifunge pini yake. Shika kana kwa mkono, soma dira, na kibao ukiache huru kijigeuze chenyewe mpaka ukingo wake uangalie upepo, hapo kifunge. Sasa chukua kale kacheni ka zile kamba ukapachike kwenye kana. Kamba ziwe zimekaza, zisining'inie, kwasababu kasia halina safari ndefu na kila kamba iliyolegea inakula nguvu yake.

Achia mkono, geuka nyuma uangalie povu. Likinyooka vizuri umemaliza. Likiwa linapinda upande mmoja tu, sogeza kacheni pete moja moja, na likiwa linapinda kwa zamu huku na huku kwa sababu upepo ni mkali, laza kibao nyuma kidogo kisiwe na pupa. Upepo mdogo wa nyuma ndo mtihani, kwasababu boti inaukimbia upepo wenyewe na kibao kinasikia kidogo sana, hapo weka kibao kirefu chepesi.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Kifaa hiki hakijui Mombasa iko wapi, kinajua upepo tu. Ukitoka Mahé kusi inavuma kutoka kusini mashariki, lakini ukikaribia pwani inageuka inatokea kusini kabisa, na boti itageuka nayo bila kukuambia, matanga yametulia, povu limenyooka, we umelala, kumbe unaelekea kaskazini magharibi. Upepo ukigeuka digrii 10 tu, ndani ya maili 60 uko maili 10 nje ya njia. Na mkondo wa pwani msimu huo nao unasukuma kaskazini, kwahiyo vyote viwili vinakupeleka Somalia. Dawa yake angalia dira kila unapoamka, rekebisha kibao digrii chache chache, na lenga kusini ya Mombasa tangu mbali usisubiri uone nchi.

Kingine, kifaa hakioni meli, macho ni yako. Na ukidondoka baharini boti haitasimama, itaendelea na njia yake vizuri tu bila wewe, kwahiyo mkanda wa usalama uwe umefungwa kila ukitoka nje, usiku na mchana, naomba sana hili mlishike.

Matunzo ni machache, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, beringi za plastiki usizipake grisi maana inashika chumvi na uchafu, na kagua zile kamba pale zinapopita kwenye kapi, ndo zinalika kwanza. Ukifika mlangoni pa Kilindini chomoa kacheni, shika kana mwenyewe, alafu pandisha kasia juu kabla hujarudi nyuma na injini kwasababu ukirudi nyuma na kasia likiwa majini linavunjika.