Goti la Kushoto la Tiger Woods

NEEMA: Karibuni tena kwenye kipindi, tukiwa hapa Mwanza. Nipo na kaka yangu Masanja, mwalimu wa gofu. Shikamoo kaka.

MASANJA: Marahaba, Neema. Leo umenipa mada yangu.

NEEMA: Nusu yako, nusu yangu. Msikilizaji wa Igogo usihame ukisikia gofu. Tunaanzia kwenye goti, na kila anayepanda na kushuka mawe ya mji huu anajua goti ni nini.

MASANJA: Na ni goti moja tu: la kushoto la Tiger Woods, mcheza gofu wa Marekani, Juni 2008, kwenye US Open, mashindano makubwa ya gofu ya nchi hiyo. Uwanja wa kusini wa Torrey Pines, San Diego, California. Huku kwetu tuko mbele yao kwa saa 10, kwa hiyo wao wanamaliza jioni, sisi ni alfajiri.

NEEMA: Watu husema "alicheza na goti bovu" wakaishia hapo. Vilivyoharibika vilikuwa viwili, na kila kimoja kina tabia yake. Cha kwanza ni kano la mbele lililo ndani ya goti, lile ambalo wachezaji wa mpira wanaliita ACL. Lilikatika mwaka 2007 akiwa kwenye mazoezi ya kukimbia, akaendelea kucheza nalo hivyohivyo. Aprili 15, 2008, siku mbili baada ya kushika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, akafanyiwa upasuaji wa kusafisha gegedu, ule utando laini kati ya mifupa ya goti, ule wa kutoboa matundu madogo na kuingiza kamera. Cha pili kikaja wakati anajiandaa kurudi uwanjani: nyufa mbili kwenye mfupa wa ugoko, mguu uleule.

MASANJA: Daktari akasemaje?

NEEMA: Magongo wiki tatu, kisha mapumziko wiki tatu nyingine. Mei ilikuwa inaisha, mashindano yanaanza Juni 12. Fanya hesabu mwenyewe.

MASANJA: Akaenda.

NEEMA: Akaenda. Lakini angalia tofauti. Kano lililokwisha kukatika halikatiki tena. Hatari yake ni goti kuachia: unageuka ghafla, ugoko unateleza mbele, gegedu linasagika. Ufa wa mfupa ni habari nyingine. Kila mzigo unaoongeza, unaupa nafasi ya kurefuka, na ukiendelea unaweza kuishia kwenye mvunjiko kamili. Kwa hiyo kano lilimpa goti legelege, ufa ukampa maumivu.

MASANJA: Sasa niseme kwa nini kwa mchezaji wa gofu mguu huo ndio mbaya zaidi kuumia. Tiger anapiga kwa mkono wa kulia. Fimbo ikienda nyuma, uzito unakaa mguu wa kulia. Ikianza kushuka, uzito wote unahamia kushoto, kiuno kinageukia kule mpira unakokwenda. Viatu vina njumu, unyayo umeng'ang'ania nyasi. Paja linazunguka, unyayo hauondoki. Kinachobaki katikati ni goti. Tiger wa miaka ile, akishafika kwenye mpira, alikuwa ananyoosha ule mguu kwa kuubetua, pap! Ndiko nguvu yake ilikotoka.

NEEMA: Kuna watu waliowekewa goti la bandia lenye vihisio ndani, wakapimwa wakipiga gofu. Goti la mbele, yaani la upande mpira unakokwenda, lilibeba zaidi ya mara nne ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 80, hapo ni zaidi ya kilo 320, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na bado kuna kule kujisokota.

MASANJA: Ndiyo maana ukitazama picha za mashindano yale, utaona mkunjo wa uso unakuja baada ya dereva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo. Anainama, fimbo imekuwa gongo. Kwenye mikwaju ya kusukuma mpira griini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, hakuna shida ya mzunguko, ila kuna kuchuchumaa kusoma mteremko, na kunyanyuka tena.

NEEMA: Na kutembea. Watu wanasahau kutembea.

MASANJA: Yadi 7,643. Hiyo ni karibu kilomita 7 ukijumlisha mashimo peke yake, bado kutoka griini moja kwenda mwanzo wa shimo linalofuata. Na kabla ya Alhamisi ile ya kuanza mashindano hakuwa ametembea mashimo 18, yaani raundi nzima, tangu Augusta.

NEEMA: Uwanja wenyewe uko juu ya majabali ya bahari, una mabonde. Kuteremka kunaumiza goti kuliko kupanda, maana misuli ya mbele ya paja inageuka breki. Anayeshuka mlima Mabatini na ndoo ya maji kichwani hahitaji kuelezwa.

MASANJA: Utaulizwa, kwa nini asipande kile kigari?

NEEMA: Jibu ni lako hilo.

MASANJA: Kanuni za mashindano ya kulipwa zinataka mchezaji atembee. Casey Martin, mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu mguuni, alilipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ikampa haki ya kutumia kigari. Lakini ule ni ulemavu wa kudumu. Ukiumia mwezi uliopita, unatembea.

NEEMA: Haya, tupe mikwaju.

MASANJA: Raundi nne: 72, 68, 70, 73. Jumla 283, mmoja chini ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Shimo la kwanza aliliharibu mara tatu kati ya nne, kila mara mikwaju miwili zaidi ya kiwango.

NEEMA: Mimi hapo naona goti ambalo halijapata joto. Lililovimba linabana mwanzoni, na misuli ya paja inagoma kufanya kazi yake yote.

MASANJA: Inawezekana. Ila shimo ninalotaka tukae nalo ni la 18, Jumapili. Rocco Mediate, mtu wa miaka 45, namba 158 duniani, ameshamaliza na anaongoza kwa mkwaju mmoja. Tiger lazima amalize shimo hilo kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango. Dereva inaingia kwenye mchanga kushoto. Wa pili kutoka mchangani unaangukia nyasi ndefu kulia. Zimebaki yadi 101. Na nyasi za pale, Neema, ni za kikuyu.

NEEMA: Kikuyu hii yetu?

MASANJA: Hiihii, asili yake nyanda za juu za Afrika Mashariki. Inatambaa, ina mashina magumu, inashika shingo ya fimbo kama wavu unavyoshika sangara. Fimbo ikikwama, mshtuko unapanda mkononi na kushuka mpaka goti. Kwa yadi 101 hesabu ya kawaida ingekuwa fimbo yenye uso ulioinama nyuzi 56, upige kiasi. Kedi wake, yaani mbeba begi na mshauri wake, Steve Williams, akamshauri ya nyuzi 60, apige kwa nguvu zote, ili mpira upande juu na utue laini.

NEEMA: Kwa nguvu zote. Kwa mguu ule.

MASANJA: Ndiyo bei yake. Ukipiga kiasi kwenye kikuyu, fimbo inafia njiani. Mpira ukatua futi kama 12 kutoka shimoni, akausukuma, ukazunguka ukingo wa kulia, ukazama. Wamelingana.

NEEMA: Na adhabu ya kulingana enzi hizo ilikuwa mashimo 18 mengine, Jumatatu.

MASANJA: Wakatoka 71 kwa 71! Tiger aliongoza kwa mikwaju mitatu baada ya shimo la 10, akaipoteza yote, akafika la 18 akiwa nyuma kwa mmoja, akasawazisha tena palepale. Bado sare, ikabidi shimo moja zaidi liamue, likawa la 7: Mediate akaingia mchangani, Tiger akapiga kiwango chake tu, ikatosha. Mashimo 91. Ubingwa wake wa 14 kwenye yale mashindano manne makubwa ya gofu. Juni 24 akawa kwenye chumba cha upasuaji kutengenezewa kano, na msimu wake ukaisha hapo.

NEEMA: Mimi namheshimu, lakini si kwa kuvumilia. Wabeba magunia wa Mwaloni pale Kirumba wanavumilia kila siku na hakuna anayewapa kombe. Ninachokiheshimu ni kwamba alijua nini kimeharibika, nini kinaweza kuharibika zaidi, na ana miezi mingapi ya kulipia.

MASANJA: Mimi naheshimu hata kuvumilia kwenyewe. Tusiwe wachoyo. Ben Hogan, yule mcheza gofu wa zamani wa Marekani, je? Februari 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi la Greyhound huko Texas. Nyonga, mtulinga, kifundo cha mguu, ubavu, vyote vilivunjika. Damu ikaganda, madaktari wakalazimika kuufunga mshipa mkubwa wa damu. Juni 1950 akashinda US Open kwenye uwanja wa Merion, na siku ya mwisho ya ratiba walicheza mashimo 36 kwa mpigo. Miguu imefungwa bandeji.

NEEMA: Hogan nakupa. Ila kuna wa bonanza la Jumapili anatusikiliza, anaumwa ugoko na anasema "mbona Tiger".

MASANJA: Mpe kipimo.

NEEMA: Kidole kimoja. Pitisha juu ya mfupa wa ugoko, ule ukingo wa ndani, kutoka chini ya goti kwenda kifundoni. Maumivu yakitandaa zaidi ya urefu wa vidole vitatu, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa: punguza mbio, itatulia. Yakikaa sehemu moja ya ukubwa wa sarafu, na ukiruka kwa mguu huo mmoja yanakuchoma palepale, na usiku yanakuamsha, hapo shuku ufa. Nenda hospitali. Na usidanganyike na eksirei ya wiki ya kwanza, ufa mchanga mara nyingi hauonekani. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, au upigwe MRI, picha ya sumaku, kama ipo.

MASANJA: Kwa wa gofu mwenye goti bovu la mbele: geuza kidole cha mguu huo kielekee nje, nyuzi 20 mpaka 30, goti lisisokotwe sana. Piga robo tatu ya mzunguko, na palipohitaji fimbo namba 7, chukua namba 6, inayopeleka mpira mbali zaidi, na upige taratibu. Vua njumu ndefu, vaa soli laini, ili unyayo uteleze kidogo.

NEEMA: Na akisikia goti limeachia?

MASANJA: Anaweka begi chini, anamwita kedi.

NEEMA: Wiki ijayo ni mabega. Wavuvi mnaovuta nyavu, leteni maswali.