Kaunsela wako akiwa mtani wako, inakuwaje?

MANKA: Haya haya tumerudi, ni sisi wale wale, mimi Manka na huyo anayekohoa ni Mshana, na kabla hajakohoa vizuri niseme tu leo tuna mambo matano kuhusu utofauti wa watu kwenye chumba cha ushauri nasaha, nimeyaandika, yako hapa kwenye simu, na leo tunayamaliza.

MSHANA: Hatuyamalizi.

MANKA: Tunayamaliza bwana. La kwanza salamu na umri, la pili ukaaji na macho, la tatu ndugu wanaokuja na mteja, la nne sheikh, mchungaji na mganga, la tano lugha. Ila Mshana kuna kitu kimemtokea wiki hii, jana usiku kanisimulia tukakwaruzana kwenye simu mpaka nikamwambia nyamaza, hii tutaimalizia kwenye maiki.

MSHANA: Sawa. Kwanza mteja mwenyewe ameniruhusu niielezee, na vitu vingine nimevibadilisha, kwa hiyo wale wapelelezi wetu msihangaike. Ni baba mtu mzima, amefiwa na kaka yake. Kaletwa na mkewe, yaani kaletwa kabisa, mama kamfikisha mlangoni akahakikisha amekaa ndo akaondoka. Na mimi nimekaa kama tulivyofundishwa chuo, ile SOLER ya Egan, umgeukie mteja, usikunje mikono, uiname mbele kidogo, umtazame, utulie. Nimefanya yote. Mzee anaangalia feni.

MANKA: Hilo ni jambo letu la pili, liweke hapo.

MSHANA: Nikamuuliza nyumbani wapi, akasema Rombo, kimya tena. Halafu nikaona anasoma kile kibao cha jina langu mezani, anakisoma, ananitazama, anakisoma tena. Nikajua huyu ameshanijua mimi mtu wa wapi. Nikamwambia, "Pole sana mzee. Sasa kaka ameondoka na deni letu la majembe, nani analipa?"

MANKA: Mnasikia wasikilizaji? Kwa mfiwa.

MSHANA: Subiri. Akanikazia macho, akasema, "Wewe Mpare hata msibani umekuja na kesi?" Akacheka, akacheka mpaka kashika meza, halafu kicheko kikageuka, akalia. Alilia sana. Na baada ya hapo akaongea mpaka muda ukaisha na bado alikuwa anaongea tukiwa mlangoni.

MANKA: Kwa wale wa mbali ambao hamjui, Wapare na Wachaga ni watani, na sisi wawili hapa ndo tunavyoishi, miaka yote hii nadaiwa majembe ambayo sijawahi kuyaona.

MSHANA: Utayaona mahakamani. Jamani hii ni historia, sitanii. Ukoo wetu wa Washana tulikuwa wahunzi kule Ugweno, Upare ya kaskazini, tena tulitawala kabla ukoo wa Wasuya haujatupindua, na chuma cha Ugweno kilikuwa kinavuka kwenda Uchagani, majembe, mikuki. Mzigo ulipokelewa. Mimi naulizia malipo tu.

MANKA: Mlilipwa mkala mkasahau.

MSHANA: Risiti iko wapi?

MANKA: Risiti! Ndo maana wanasema Mpare anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku.

MSHANA: Kama kuku ni wangu? Nyie Mchaga akizimia hamwiti daktari, mnadondosha sarafu pembeni ya sikio.

MANKA: Na akiamka anaamka na chenji. Halafu wewe Mgweno usijitape sana, wataalamu wa lugha wanasema Kigweno chenu kiko karibu na Kichaga kuliko Kipare, kwa hiyo ukinidai mimi unajidai mwenyewe.

MSHANA: Hilo litakuwa kwenye utetezi wako, jaji ataamua. Na riba naihesabu kuanzia enzi za Wasuya.

MANKA: Fundi anacheka huko, fundi Msukuma, wewe dai lako liko kwa Wazaramo, usijiingize. Haya, turudi. Mshana, jana nilikwambia na leo narudia, ulichofanya sio sahihi.

MSHANA: Na mimi nakwambia ni sahihi kuliko SOLER.

MANKA: Elezea basi.

MSHANA: Kwenye msiba wa kwetu mtani anafanya nini? Watu wamekaa wamevimba, hakuna anayeweza kusema neno, mtani anaingia anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakopa, kuna sehemu mtani anashuka kaburini analala humo anasema hazikwi mtu hapa mpaka mnilipe, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Watu wanacheka, wanalia, wanaanza kumwongelea marehemu kama mtu, sio kama picha ya kwenye tisheti. Hii ni tiba na ilikuwepo kabla Carl Rogers, yule Mmarekani tunayemsoma chuo kwenye ushauri nasaha, hajazaliwa. Na wageni waliliona zamani, mwaka 1944 Mwingereza mmoja anaitwa Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, na unajua kazi yake ilikuwa nini? Ndege. Alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, Usambara.

MANKA: Ndege wa kuruka?

MSHANA: Wa kuruka. Mtu kaja kuchunguza ndege kakuta Wazigua wanatukanana na Wanyamwezi na hakuna anayepigwa, kaona hii ni kubwa kuliko ndege. Sasa mchunguza ndege aliona, sisi tuliosomea ushauri nasaha tunaiacha nje ya mlango pamoja na viatu.

MANKA: Mimi sikatai utani ni tiba. Nakataa wewe kuufanya ukiwa kwenye kile kiti. Mtani wa msibani anakuja mchana kweupe, watu wote wanamwona, akizidisha wazee wanamwambia inatosha, na mfiwa naye ana haki ya kumrudishia. Wewe mko wawili, mlango umefungwa, kaletwa na mkewe, na wewe ndo unaandika kwenye faili. Atakwambiaje umezidisha?

MSHANA: Si alinirudishia? Kanirudishia vizuri tu, kaniambia nimekuja na kesi.

MANKA: Huyo. Mwingine je? Mimi nilipofiwa na baba nilikwenda kwa kaunsela, sitasema wapi, kaona jina langu akaanza na hiyo hiyo ya sarafu. Nikacheka, Mshana. Nikacheka kabisa, na sikurudi tena.

MSHANA: Alikuwa Mpare?

MANKA: Wala! Alikuwa wa mkoa ambao na sisi hatuna utani wowote.

MSHANA: Basi huyo hakuwa mtani, huyo alikuwa anakutukana. Unaona sasa, unachanganya. Utani una mipaka, sio kila mtu na kila mtu. Mtu asiye mtani wako akisema hayo ni ukabila tu.

MANKA: Na mimi niliyekaa pale na msiba wangu natakiwa nifungue daftari la nani mtani wa nani ndo nijue niumie au nisiumie?

MSHANA: Mwili unajua.

MANKA: Mwili unajua nini bwana! Sikiliza, nina wateja hapa Dar, binti kazaliwa Mbagala, baba Mmachame, mama Mmakonde, Kichaga hajui hata salamu, Uchagani anakwenda Desemba kwa sababu baba kalazimisha. Ukimtupia majembe anakutazama tu. Na hata hao Wachaga wenyewe, wa Rombo na wa Machame wakiongea vya kwao hawaelewani, wewe umeshawaweka wote kwenye deni moja.

MSHANA: Deni ni la pamoja, mkoa mzima.

MANKA: Mshana niko siriasi.

MSHANA: Na mimi. Kwa huyo binti nisingefanya. Huyu mzee alikisoma kibao, alinitazama, kuna kitu alikuwa anakisubiri. Nilimsoma.

MANKA: Au ulimsoma ulivyotaka. Kwa nini hukumuuliza?

MSHANA: Nimuulize nini, "samahani mzee, naomba ridhaa yako nikutanie"? Niandae na fomu? Ukiuliza umeshaua.

MANKA: Ndo ninachosema! Kama huwezi kuuliza bila kuua, basi ni kitu usichoweza kukiombea ridhaa, na kitu usichoweza kukiombea ridhaa mimi sikiingizi kwenye chumba changu.

MSHANA: Kimya pia hukiombei ridhaa. Nilivyomkazia macho mzee wa watu sikumwomba ridhaa. Ile SOLER imebeba utamaduni wa watu wengine mzima mzima na hakuna anayesema ni hatari, ila cha kwetu kikiingia ndo tunaanza kutafuta ridhaa.

MANKA: Hapo umeongea kitu.

MSHANA: Asante.

MANKA: Ila sikubali.

MSHANA: Najua.

MANKA: Ngoja niilete kwa upande mwingine. Wenzetu Wamarekani kwenye ile DSM-5 yao ya mwaka 2013, kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili, waliweka maswali 16 ya kumuuliza mteja kuhusu utamaduni wake, tatizo lako wewe unaliitaje, unadhani limetokana na nini, ndugu zako wanasemaje, umeshakwenda wapi kutafuta msaada. Na mle wakaingiza hata kufungisisa ya Washona wa Zimbabwe, ile ya kuwaza mno, ambayo bibi yangu angeielewa bila kamusi. Maswali mazuri, nayatumia. Lakini ukifika kwenye asili ya mtu, kwetu unakwama. Sensa ya mwisho kuuliza kabila hapa ni ya 1967, baada ya hapo tukalelewa kwamba kabila halijazwi kwenye fomu. Kwa hiyo kaunsela anayeuliza "wewe kabila gani" anasikika kama anataka kukunyima kazi.

MSHANA: Ndo maana mtu anauliza nyumbani wapi.

MANKA: Ndo hivyo, na mteja akitaka anasema Rombo, hataki anasema Kimara. Ana mlango wa kutokea. Kwenye majembe yako mlango hakuna.

MSHANA: Upo, acheke au asicheke.

MANKA: Nimekwambia mimi nilicheka.

MSHANA: ...

MANKA: Andika hapo, Mpare kanyamaza.

MSHANA: Nawaza. Nawaza lakini bado nasema ningefanya tena, kesho, kwa mzee yule yule. Kwa sababu wewe unamwongelea aliyeumia, sawa, na mimi nakuongelea waliokaa kwa kaunsela mpole sana, anatikisa kichwa, "na hilo linakufanya ujisikieje," wakatoka wakasema yule ni mzungu, hawakurudi tena. Hao hawahesabiwi. Hao hawana hadithi ya kusimulia kwenye podikasti.

MANKA: Hao wapo, na dawa yao sio lazima iwe wewe kuwa mtani wao. Tafuta mtu wa kwao, waache walie na watani wao halisi, wewe uwe wa kusikiliza.

MSHANA: Mjini hapa watani halisi wako wapi? Msiba wa siku hizi ni kamati, sare na emsii. Watani wanatuma pole kwenye grupu la WhatsApp na kiemoji cha mikono.

MANKA: Hilo kweli, watani wamebaki kurushiana klipu. Na huko mtandaoni ndo pameharibika kabisa, mtu anatukana kabila la mtu kuanzia asubuhi, akibanwa anasema natania.

MSHANA: Tena hana utani nao!

MANKA: Tena hana. Sasa kaunsela mdogo kabisa anatoka chuo anasikia kipindi chako hiki, keshokutwa anamtania mjane wa Kihaya kuhusu kujisikia. Utakuwa wapi?

MSHANA: Nitakuwa mahakamani nakudai majembe.

MANKA: Unaona unavyokimbia?

MSHANA: Sikimbii, huyo kaunsela mdogo ana msimamizi, amuulize msimamizi wake. Mimi simfundishi mtu kutania, nasema nilichofanya na kilichotokea.

MANKA: Fundi anaonyesha nini huko? Dakika nne? Zimebaki nne au zimepita nne?

MSHANA: Zimebaki. Kwaya iko nje inasubiri studio.

MANKA: Na mambo matano tumefika la ngapi?

MSHANA: La pili tuliligusa.

MANKA: Tulilikanyaga. Basi haraka haraka, salamu na umri, kama mteja amekuzidi umri mpe shikamoo yake, usije na "habari" kwa sababu wewe ndo mtaalamu, na kama ni mama mtu mzima na wewe ni kijana wa kiume, yale ya chumbani hakwambii hata ukae miaka, mtafutie mama mwenzake. Ndugu wanaokuja na mteja...

MSHANA: Hilo ni kipindi kizima, usiliguse. Shangazi peke yake ni kipindi kizima.

MANKA: Haya. Sheikh, mchungaji na mganga?

MSHANA: Kuna lile la baraza la usuluhishi pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka upite baraza kwanza kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka, na pale unawakuta masheikh na wazee wa kanisa wanafanya kazi yetu tangu zamani, sasa hiyo utaisemaje kwa dakika mbili.

MANKA: Basi nayo tunaiacha. Kuna msikilizaji wa Newala alituma voisi, anauliza yeye mteja wake anataka kuongea Kimakonde pale anapofika kwenye mambo mazito na yeye hakijui, afanyeje, aite mkalimani au amwache aongee tu hata kama haelewi. Hilo ndo lilikuwa jambo la tano. Mimi naona mkalimani.

MSHANA: Amwache aongee.

MANKA: Bila kuelewa?!

MSHANA: Aongee kwanza, halafu amwombe arudie kwa Kiswahili anachotaka kurudia.

MANKA: Na kama kasema anataka kujiua, kwa Kimakonde?

MSHANA: Hapana hapo... ngoja, hilo ni swali jingine.

MANKA: Ni swali lile lile! Fundi, subiri kidogo, fundi... Haya kwaya wanaingia. Wa Newala tuma namba kwa yule anayeshika simu, nitakupigia mimi, usimsikilize huyu. Wengine voisi zenu ziwe fupi, kuna mtu katuma ya dakika kumi na moja, nusu nzima anaagiza chipsi.